Uchambuzi: Wastani wa mwanafunzi wa uuguzi hulindwa wodini, kabla ya chumba cha mtihani

Mara mbili kwa mwaka, katikati ya mwaka na unapokaribia kwisha, wanafunzi wa vyuo vya uuguzi na ukunga jijini Kampala huingia katika msimu wa mitihani. Vilima vinne vya jiji hili, Namirembe, Nsambya, Rubaga na Kibuli, kila kimoja kina hospitali ya taasisi ya dini na chuo cha kufunza wauguzi, na Mulago ina chuo cha serikali. Swali linaloulizwa zaidi katika msimu huo ni namna ya kufaulu. Wanaofikiria mbele zaidi huongeza swali la pili, nalo ndilo zito: je, wastani wa alama utabaki salama?

Uzito wa swali hilo unatokana na ngazi ya taaluma yenyewe. Nchini Uganda, muuguzi mwenye cheti husoma kwa miaka miwili na nusu. Akitaka stashahada, huongeza mwaka mmoja na nusu, na anayeanza moja kwa moja baada ya kidato cha sita husoma miaka mitatu. Shahada huchukua miaka minne. Kila anayepanda ngazi huulizwa matokeo ya ngazi aliyotoka, na vyuo vikuu vinavyopokea wenye stashahada mara nyingi hutazama daraja la stashahada hiyo, si cheti kilichotiwa muhuri tu. Kwa miaka kadhaa serikali imekuwa ikieleza nia ya kuinua kiwango cha chini cha kufuzu kutoka cheti hadi stashahada. Kwa hiyo aliyedhani kuwa kufaulu kwa alama za chini kunatosha anaweza kujikuta, miaka michache baadaye, amesimama mbele ya mlango ambao alama zake haziufungui.

Uchambuzi huu unaangalia jinsi wastani huo unavyojengwa, mahali unapobomokea, na sehemu ya mzigo huo isiyokuwa ya mwanafunzi peke yake.

Bodi mpya, neno jipya

Kwa zaidi ya miaka kumi, mitihani ya cheti na stashahada ya uuguzi ilisimamiwa na Bodi ya Mitihani ya Wauguzi na Wakunga, inayojulikana kwa kifupi UNMEB, chini ya sheria ya elimu ya ufundi ya mwaka 2008. Wataalamu wengine wa afya, kama vile maafisa tabibu na wataalamu wa maabara, walitahiniwa na bodi nyingine, UAHEB. Sheria mpya ya elimu na mafunzo ya ufundi ya mwaka 2025 imeziunganisha bodi hizo mbili kuwa chombo kimoja, UHPAB, yaani Bodi ya Tathmini ya Taaluma za Afya ya Uganda.

Badiliko la jina linastahili kuangaliwa. Neno "mitihani" limeondoka na mahali pake limekaa neno "tathmini". Mtihani hupima siku moja, ilhali tathmini hupima safari nzima: kazi za darasani, mazoezi ya wodini, daftari la vitendo lililotiwa saini, na mwishoni karatasi ya maswali. Sheria hiyo inasisitiza umahiri, yaani kile ambacho mhitimu anaweza kukifanya kwa mikono yake. Mwanafunzi anayeendelea kujiandaa kwa desturi ya zamani, ya kukesha wiki mbili za mwisho, anajiandaa kwa jambo ambalo limeanza kupungua nguvu.

Ni vyema pia kutenganisha vyombo viwili ambavyo wazazi wengi huvichanganya. Bodi hutahini. Baraza la Wauguzi na Wakunga, lililopo chini ya sheria ya mwaka 1996, ndilo linaloandikisha wauguzi na kuwapa leseni ya kufanya kazi. Kufaulu mtihani wa bodi bila kuandikishwa na baraza hakumpi mtu ruhusa ya kumchoma mgonjwa sindano.

Hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Vyuo vikuu vya Uganda, kikiwamo Makerere, ambacho kilianzisha shahada ya uuguzi mwaka 1993, hutumia kipimo cha pointi 5. Alama 80 na zaidi ni pointi 5.0. Kuanzia 75 ni 4.5, kuanzia 70 ni 4.0, kuanzia 65 ni 3.5, kuanzia 60 ni 3.0, kuanzia 55 ni 2.5, na kuanzia 50 ni 2.0. Wastani wa 4.40 hadi 5.00 ni daraja la kwanza. Daraja la pili la juu huanzia 3.60, daraja la pili la chini huanzia 2.80, na 2.00 ndiyo sakafu. Anayeshuka chini ya sakafu hiyo huwekwa chini ya uangalizi, na hali hiyo ikijirudia huweza kuondolewa masomoni.

Hadi hapo wanafunzi wengi wanajua. Kinachosahaulika ni kwamba masomo hayana uzito sawa. Kila somo hubeba idadi ya uniti kulingana na saa za mafundisho, na uniti moja kwa kawaida ni saa 15 za darasani katika muhula. Saa mbili za mazoezi ya vitendo huhesabiwa kama saa moja ya darasani. Pointi za somo huzidishwa kwa uniti zake, kisha jumla hugawanywa kwa uniti zote.

Chukua mfano wa muhula wenye masomo matano na uniti 16. Uuguzi wa msingi una uniti 5, na mwanafunzi amepata alama 62. Anatomia na fiziolojia ina uniti 4, amepata 68. Mikrobiolojia ina uniti 3, amepata 71. Saikolojia ina uniti 2, amepata 82. Stadi za mawasiliano zina uniti 2, amepata 80. Akijumlisha pointi na kugawanya kwa matano, atajipongeza kwa 4.1. Wastani wake halisi ni 3.81, kwa sababu masomo aliyoyafanya vizuri zaidi ndiyo mepesi zaidi.

Sasa tuseme ana saa kumi za ziada za kusoma. Akizitumia kwenye stadi za mawasiliano na kupanda kutoka 80 hadi 95, wastani wake hausogei hata nukta moja, kwani 80 tayari ni pointi 5.0. Akizitumia kwenye uuguzi wa msingi na kupanda kutoka 62 hadi 65 tu, wastani unapanda hadi 3.97. Akifika 70, unapanda hadi 4.13. Alama tatu katika somo zito, zikivuka mpaka wa daraja, zimeshinda alama kumi na tano katika somo jepesi.

Hili si jambo la ujanja. Somo zito limepewa uzito huo kwa sababu ndilo kiini cha kazi. Wanafunzi wengi husoma kwanza wanachokipenda, kisha wanachokiogopa husogezwa mbele hadi muda unapokwisha. Kanuni ya hesabu inaagiza kinyume chake: kuanza na somo lenye uniti nyingi ambalo alama zake ziko karibu na mpaka.

Muhula wa kwanza hausahau

Wastani unaoandikwa kwenye cheti cha mwisho ni wa mihula yote. Hapo ndipo penye mtego wa pili. Mwanafunzi wa shahada ana mihula minane. Tuseme, kwa urahisi wa hesabu, kwamba mihula yote ina uniti sawa na lengo lake ni 3.60. Akianza kwa 2.5 katika muhula wa kwanza, anahitaji wastani wa 3.76 katika mihula saba iliyobaki. Hilo linawezekana bila muujiza. Lakini aliyefika mwisho wa mwaka wa pili akiwa na 3.3 anahitaji 3.9 katika kila muhula uliobaki. Akifika mwisho wa mwaka wa tatu na 3.3 ileile, anahitaji 4.5. Akibakiwa na muhula mmoja, anahitaji 5.7, na kipimo kinaishia 5.

Mlango hufungwa mapema kuliko wengi wanavyodhani, na hufungwa kimyakimya. Hakuna barua inayomjulisha mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwamba daraja la pili la juu limeshampita. Ndiyo maana ushauri wa kwanza ambao chuo kingepaswa kumpa mwanafunzi mpya, hata kabla ya kumwonyesha maktaba, ni kumfundisha kuikokotoa hesabu hii mwenyewe kila matokeo yanapotoka.

Kuhusu mitihani ya marudio, kanuni hutofautiana kati ya chuo na chuo. Jambo la pamoja ni kwamba marudio hula muda na fedha za muhula unaofuata, na somo lililorudiwa husomwa sambamba na mapya. Mwanafunzi anayehisi kwamba hataweza kufanya mtihani kwa sababu ya ugonjwa au msiba anapaswa kuwasilisha taarifa kwa maandishi kabla ya siku ya mtihani. Kutofika bila taarifa na kushindwa mtihani ni mambo mawili tofauti katika kanuni, lakini kwenye rekodi ya mwanafunzi athari zake zaweza kufanana.

Wodi nayo ni chumba cha mtihani

Uuguzi hautahiniwi kwa kalamu peke yake. Mtihani wa vitendo unaopita vituo kadhaa, ambapo mtahiniwa hupewa dakika chache za kutekeleza kazi moja kisha kengele hulia na kuhamia kituo kingine, ulibuniwa na Ronald Harden huko Dundee, Scotland, mwaka 1975. Leo umeenea katika vyuo vya afya duniani, Uganda ikiwamo. Katika kituo kimoja mtahiniwa hupima shinikizo la damu, katika kingine hufunga kidonda, na katika kingine humweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa. Msahihishaji ana orodha mkononi na hutia alama kwa kila hatua: Je, amenawa mikono? Amejitambulisha? Ameomba ridhaa? Ameandika alichokifanya?

Hatua hizo ni fupi, na ndiyo sababu hupotea. Mwanafunzi anayefahamu nadharia yote ya maambukizi hupoteza alama kwa kusahau kunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa. Jambo hilo halikaririwi usiku mmoja. Huingia mwilini kwa kurudiwa kila siku, na mahali pa kulirudia ni wodini.

Hapa ndipo hali halisi ya Kampala inapoingia. Hospitali ya Kawempe, ambayo hupokea wajawazito kutoka jiji zima na wilaya jirani, ni miongoni mwa zenye shughuli nyingi zaidi za uzazi nchini. Mwanafunzi wa ukunga anayepelekwa kwenye hospitali ya namna hiyo ana utajiri wa kesi ambao wenzake wa nchi nyingi hawaupati. Lakini pale wanafunzi wa vyuo kadhaa wanapokutana kwenye wodi moja, mkufunzi hawezi kumtazama kila mmoja. Mwanafunzi mwenye haya husimama nyuma, na mwisho wa zamu daftari lake la vitendo lina nafasi wazi. Nafasi hizo hujazwa kwa haraka mwishoni mwa muhula, saini zikiombwa kwa mtu aliyechoka. Daftari hujaa, lakini mikono haijajifunza.

Njia iliyo wazi ni ya kila siku. Mwanafunzi aingie zamu akiwa amechagua ujuzi mmoja au miwili ya siku hiyo, amwombe muuguzi wa zamu amtazame akiifanya, na saini ichukuliwe hapohapo. Kabla ya kulala, aandike maswali matatu yaliyotokana na mgonjwa aliyemhudumia: kwa nini dawa hii, kwa nini kipimo hiki, dalili ipi ingeonyesha hatari. Mama mwenye kifafa cha mimba aliyepewa magnesiamu salfeti wodini hukumbukwa kwa urahisi kuliko ukurasa wa kitabu, na mwanafunzi aliyesimama kando yake akihesabu pumzi na kuangalia kiasi cha mkojo hatahitaji kukariri hatari za dawa hiyo.

Kusoma tena au kujiuliza

Njia iliyozoeleka ya kujiandaa ni kuyasoma tena maandishi ya darasani, mara ya pili, ya tatu, ya nne. Humpa msomaji utulivu, na utulivu huo ndio unaodanganya. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na wale waliojitahini kwa kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma tena waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojitahini walikumbuka asilimia 56, na waliosoma tena asilimia 42.

Kwa mwanafunzi wa uuguzi tafsiri yake ni nyepesi. Anayesoma tena usiku wa kuamkia mtihani atajisikia yuko tayari. Anayejiuliza maswali kuanzia wiki ya pili ya muhula, akakosea na kusahihisha, ndiye atakayekumbuka siku ya mtihani na siku ya kazi. Makundi ya majadiliano, ambayo ni desturi njema ya vyuo vya Kampala, huleta faida hiyo iwapo kila mmoja anaulizwa. Yakigeuka darasa la mtu mmoja anayesoma kwa sauti huku wengine wakiitikia, faida hupotea.

Hesabu za dawa zinahitaji mazoezi ya peke yake. Lita moja ya dripu ikitakiwa kuingia kwa saa 8, kwa mrija wenye matone 20 kwa kila mililita, ni matone 42 kwa dakika. Anayeifanya hesabu hiyo mara moja kwa siku kwa muhula mzima haitamtisha. Anayeikuta kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya mtihani hupoteza dakika kumi na kujiamini kwake.

Karatasi za mitihani iliyopita zinasaidia kujua namna maswali yanavyoulizwa, lakini majibu yaliyoandikwa pembeni mwake yanaweza kuwa yamezeeka. Mfano ni hatua ya uchungu wa kuzaa. Chati ya zamani ya kufuatilia uchungu ilianzia pale shingo ya kizazi inapofunguka sentimita 4. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, lilisogeza mwanzo wa hatua hiyo hadi sentimita 5, na mwaka 2020 likatoa chati mpya inayofuata kipimo hicho. Mwanafunzi anayenakili jibu la kaka yake aliyesoma kabla ya hapo anaweza kulinakili kosa. Kabla ya kukariri, amwulize mkufunzi ni mwongozo upi unaofuatwa chuoni na wodini kwake.

Kuhusu karatasi "zilizovuja" ambazo huuzwa kupitia makundi ya WhatsApp, hesabu ni fupi zaidi. Ikiwa ni za uongo, mnunuzi ametapeliwa. Ikiwa ni za kweli, amenunua kosa linaloweza kufuta matokeo yake yote.

Lugha ya tatu katika chumba cha mtihani

Kwa jamii inayozungumza Kiswahili jijini Kampala, wenyeji wa West Nile, Wanubi, Wakenya, Watanzania, na maelfu ya watu kutoka Kongo na Burundi wanaoishi katika mitaa kama Katwe, Nsambya na Makindye, kuna kikwazo ambacho hakitajwi kwenye mwongozo wowote wa masomo. Mtihani ni kwa Kiingereza, mgonjwa anazungumza Kiganda, na mwanafunzi anafikiri kwa Kiswahili, pengine baada ya kusoma sekondari kwa Kifaransa.

Athari yake huanzia kwenye vitu vidogo. Katika shule za Kongo, mkato hutenganisha sehemu za desimali: mtu huandika 2,5 akimaanisha mbili na nusu. Uganda hutumia nukta kwa kazi hiyo, na mkato hutenganisha maelfu. Kwa hiyo 1,000 kwa msomaji wa Kampala ni elfu moja, na kwa aliyesomea Bukavu inaweza kusomeka kama moja. Kwenye karatasi ya mtihani hilo ni alama iliyopotea, lakini kwenye chati ya dawa linaweza kuwa maisha. Vifupisho navyo hubadilika. Shinikizo la damu aliyezoea kuliandika TA hapa huandikwa BP, na virusi alivyovijua kama VIH hapa ni HIV. Saa pia ina mtego: saa nane usiku ya Kiswahili ni 02:00 kwenye chati, na anayeandika 08:00 amechelewesha dawa kwa saa sita. Kiganda kinahesabu saa kama Kiswahili, hivyo mtego huo unawahusu wengi zaidi ya wageni.

Dawa ya tatizo hili ni kujitengenezea daftari la istilahi tangu wiki ya kwanza, lenye safu za Kiingereza, Kiswahili au Kifaransa, na Kiganda cha wodini. Maneno ya amri ya mtihani yanastahili ukurasa wake. Swali linalomtaka mtahiniwa ataje linahitaji orodha, na linalomtaka aeleze linahitaji sababu. Anayejibu swali la kueleza kwa orodha anaweza kuwa na ujuzi wote na akapata nusu ya alama.

Kwa aliyetoka nje ya Uganda kuna hatua ya awali kabisa. Vyeti vya sekondari hulinganishwa na Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda, UNEB, na vya elimu ya juu hulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Shughuli hiyo huchukua muda. Anayeianza baada ya kupata nafasi ya chuo hujiweka katika hatari ya kukosa kuandikishwa.

Historia ya uuguzi nchini humu ina somo kuhusu lugha. Albert Cook, daktari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, na mkewe Katharine, ambaye alikuwa muuguzi, waliandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda, Amagezi Agokuzalisa, na wakunga wa shule ya Lady Coryndon iliyofunguliwa Namirembe mwaka 1921 walikuwa miongoni mwa waliotarajiwa kukitumia. Waanzilishi hao walitambua kwamba mkunga lazima aielewe kazi kwa lugha anayofikiria. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha utekelezaji wake. Hadi kwenye vitabu vya uuguzi, safari bado ni ndefu.

Ada, glavu na kiti cha mtihani

Kuna wanafunzi ambao wastani wao huanguka kabla hawajafungua daftari. Chuo ndicho kinachomwandikisha mtahiniwa kwenye bodi, na kwa kawaida hakimwandikishi mwenye deni. Juu ya ada kuna orodha ya mahitaji ya kila muhula: maboksi ya glavu, rimu za karatasi, pamba, sabuni, mifagio. Mzazi anayeuza sokoni Owino au Nakasero hulipa kidogokidogo, na malipo yakichelewa mwanafunzi hurudishwa nyumbani katika wiki zilezile ambazo kazi za darasani zinasahihishwa. Alama za kazi hizo ni sehemu ya matokeo ya mwisho, na zikikosekana hata mtihani mzuri hauwezi kuzifidia zote.

Familia inaweza kupunguza hatari kwa kupanga malipo kulingana na tarehe ya uandikishaji wa mtihani, wala si tarehe ya mtihani wenyewe, na kwa kudai stakabadhi kwa kila shilingi. Mwanafunzi naye aombe kuonyeshwa kwamba jina lake limefika kwenye bodi, likiwa na herufi zilezile zilizo kwenye cheti chake cha sekondari. Majina ya Kiswahili na ya Kikongo hukosewa mara nyingi, na herufi moja inaweza kuchelewesha matokeo na leseni.

Mzigo wa nani?

Mara nyingi wastani wa alama huzungumzwa kama kipimo cha bidii ya mtu mmoja. Kwa sehemu ndivyo ulivyo. Hakuna anayeweza kumhesabia mwanafunzi matone ya dripu, wala kumnawia mikono. Lakini mwanafunzi hakuipanga idadi ya wakufunzi wodini, hakuchagua lugha ya mtihani, na hakuweka tarehe ya mwisho ya ada.

Bodi mpya imechukua jina la tathmini. Ikiwa jina hilo litakuwa na maana, basi daftari la vitendo litakaguliwa muhula unapoendelea badala ya kusubiri mwisho wake, matokeo ya kazi za darasani yatatolewa mapema kiasi cha mwanafunzi kujirekebisha, na chuo kitaulizwa ni wanafunzi wangapi kinaowapeleka kwa kila mkufunzi wodini. Hayo yakikosekana, tathmini itakuwa mtihani uleule uliobadilishwa nembo.

Kwa mwanafunzi ambaye mihula yake inaendelea sasa, hatua hazisubiri mageuzi hayo. Akokotoe wastani wake wiki hii kwa uzito wa uniti. Achague somo zito lililo karibu na mpaka wa daraja. Aingie zamu ya kesho akiwa na ujuzi mmoja wa kuonyesha na kalamu ya kuombea saini. Mgonjwa atakayemkuta huko hataulizia daraja lake, lakini atapokea moja kwa moja yote aliyojifunza na yote aliyoyaruka.